Endagikot: Vitunguu Saumu Chini, Ndege Juu

Kwenda Mbulu kuna njia mbili zinazojulikana na watu wa kawaida. Ya kwanza ni ile ya Karatu: unapanda basi Arusha, unapita Makuyuni na Mto wa Mbu, unaukwea ukuta wa Bonde la Ufa, na ukifika Karatu unawaachia watalii lami yao ya Ngorongoro, wewe unakata kushoto kilometa kama 80 za kupanda na kushuka. Ya pili ni ya Magara: kutoka barabara ya Babati unaingilia Mbuyu wa Mjerumani, unavuka daraja la Magara lenye urefu wa mita 84, halafu unaanza kuukwea mlima kwa kona zinazomfanya hata mlevi azikumbuke sala zake.

Njia ya tatu ni ya angani. Hiyo, mpenzi msomaji, si ya kwako wala yangu. Lakini ndiyo iliyonipeleka Endagikot safari hii, ingawa nilikwenda kwa basi na nikafika nimepakwa vumbi kama gunia la mkaa.

Endagikot ni kata ndani ya Halmashauri ya Mji wa Mbulu, nchi ya Wairaqw. Ukisikia jina la mahali linaanza na "Enda", kama Endabash, Endasak au Endamarariek, ujue uko kwa wenyewe. Ni vilima juu ya vilima, na baridi yake haina utani. Kijana wa mjini ukija na kile kitisheti chako cha kuuzia sura, jioni utakikana mwenyewe na kuomba blanketi. Hapa watu wanalima mahindi, maharage na ngano, lakini zao linalotia fedha mfukoni ni kitunguu saumu. Kile unachokatia pilau yako Ijumaa pale Kariakoo kinaweza kabisa kuwa kimetoka Mbulu.

Na ni mashamba hayo ya kitunguu saumu yaliyoleta kasheshe yenyewe.

Mjomba ananiita

Mjomba wangu, kaka wa mama, ana ekari mbili karibu na maji. Ana pia binti, binamu yangu, aliyemaliza Form Six kwa mchepuo wa PGM, yaani Fizikia, Jiografia na Hisabati, na aliyefaulu vizuri tu. Tangu akiwa shule ya msingi dada huyu hana wimbo mwingine: anataka kuwa rubani. Si mhudumu wa ndege, si karani wa tiketi. Rubani.

Sasa akatokea jamaa mmoja wa mjini, tai shingoni, kijitabu cha picha za rangi mkononi. Akasema yeye ni wakala wa chuo cha urubani nchi za nje. Ada yote ilipwe mkupuo mmoja kabla ya safari, na baada ya mwaka binti atarudi "kapteni", kazi ikiwa imeshamngoja. Mjomba akatafuta mnunuzi wa shamba, na mnunuzi akapatikana. Kaka mkubwa wa binti akanuna, maana lile shamba na yeye ndipo alipokuwa anategemea kujenga maisha. Nyumba ikagawanyika, kila mtu anakula na sahani yake.

Ndipo simu ikanijia. "Mjomba," aliniambia (si unajua tena, mjomba na mpwa huitana jina moja), "wewe ndiye unayekaa mjini na kuandika magazetini. Njoo utuambie hii kazi ya ndege ikoje. Nisije nikauza mali ya watoto kwa ajili ya picha."

Kabla ya kupanda basi nilikwenda kuuliza kwanza. Nilishinda siku mbili uwanja wa ndege wa Arusha, pale Kisongo, nikiongea na marubani vijana wanaokula chipsi kama mimi na wewe. Haya ninayokuandikia ndiyo niliyowaeleza watu wa Endagikot mbele ya moto, kikombe cha chai mkononi.

Rubani wa nani?

Kwanza tuondoe ukungu. Kijiweni ukitaja rubani, kila mtu anamwona yule wa ndege kubwa, shati jeupe, mistari minne begani, Ray-Ban usoni. Huyo yupo. Lakini wapo wengine wa aina mbili ambao hawaimbwi sana, na ndio wanaopita juu ya vichwa vya watu wa Mbulu na Karatu.

Yuko rubani binafsi. Huyu ana leseni ya kurusha ndege kwa shughuli zake. Anaweza kumpakia mkewe au rafiki yake, lakini sheria haimruhusu kulipwa mshahara kwa kurusha wala kutoza nauli. Ni kama mwenye gari la kutembelea: akianza kuligeuza teksi, amevunja sheria.

Halafu yuko rubani wa kampuni, anayeajiriwa na shirika, mfanyabiashara, mgodi au kampuni ya kukodisha ndege. Huyu hana ratiba ya miezi mitatu mbele kama wa mashirika makubwa. Anakwenda anakotumwa: leo mgodini, kesho mbugani, keshokutwa anampeleka mkubwa mkutanoni. Hata Serikali ina marubani wa namna hii, wale wa Wakala wa Ndege za Serikali wanaowasafirisha viongozi. Wakubwa zetu wanaikumbuka ile Gulfstream ya Rais ilivyowasha moto wa maneno Bungeni na mitaani mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Usiidharau ndege ndogo. Precision Air, ambayo leo kila mtu anaijua, ilianza kuruka mwaka 1993 pale Arusha, mwanzilishi wake akiwa marehemu Michael Shirima, kwa ndege moja ya Piper Aztec ya viti vitano na kazi ya kukodishwa. Viti vitano! Teksi bubu za mtaani kwenu zinapakia zaidi ya hapo.

Ngazi yenyewe

Binamu yangu alikuwa na daftari, anaandika kila kitu. Nawe chukua kalamu.

Mwenye amri ya leseni nchini ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, na masharti yake yanafuata kanuni za dunia nzima. Mwanafunzi rubani anaanzia miaka 16. Leseni ya rubani binafsi, wenyewe wanaiita PPL, inataka uwe na miaka 17 na saa zisizopungua 40 za kuruka. Ukitaka kulipwa lazima uwe na leseni ya biashara, CPL: miaka 18, na saa 200, au 150 kama umesoma mfululizo katika kozi maalumu iliyoidhinishwa. Juu kabisa iko ile ya ATPL, ya kuwa bosi wa ndege kubwa: miaka 21 na saa 1,500.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Saa 200 ni saa za angani, si za darasani. Darasani kuna mitihani mingine ya sheria za anga, hali ya hewa, uongozaji wa safari, injini, uzito na mizani ya ndege, mpaka jinsi mwili na akili ya binadamu vinavyochoka. Juu ya hapo unahitaji kibali cha kuruka kwa kutegemea vyombo pale macho yasipoona kitu nje, na kibali cha ndege yenye injini zaidi ya moja. Redioni ni Kiingereza, na kanuni zinataka ukijue angalau kwa ngazi ya 4. Wanaobaki ngazi hiyo hupimwa tena kila miaka mitatu.

Kwa hiyo yule jamaa wa tai aliyesema mwaka mmoja mtu anarudi kapteni, alikuwa anauza upepo. Anayetoka chuoni na saa zake 200 anaanza kiti cha kulia, rubani msaidizi, tena akipata. Kampuni nyingi zinataka mtu mwenye saa zaidi ya hizo, na saa haziji bila ndege, na ndege haziji bila kampuni. Hapo ndipo vijana wengi wamekwama: leseni iko kabatini, mwenyewe yuko dukani kwa shemeji anauza vocha.

Mlango wa kwanza ni wa daktari

Kitu kilichomfanya mjomba aache kukoroga chai yake ni hiki. Kabla hujalipa hata senti ya ada, nenda kapimwe afya na daktari aliyeidhinishwa na TCAA. Anayetaka leseni ya biashara anapimwa daraja la kwanza: moyo, masikio, macho, mkojo, akili, kila kitu. Ukishindwa pale kwa jambo lisilorekebishika, umepoteza fedha ya kipimo tu. Ukilipa ada kwanza na daktari baadaye, umepoteza shamba.

Na kipimo hicho hakiishii siku ile. Kwa rubani wa biashara kinarudiwa kila mwaka, na umri ukisogea, wengine kila miezi sita. Fikiria kazi ambayo kila mwaka daktari anaweza kukuambia basi. Mwalimu akipata kisukari anaendelea kufundisha, lakini rubani anaweza kuambiwa akae chini.

Binamu aliuliza habari ya miwani, maana anavaa ya kusomea. Nikamwambia asiogope, miwani peke yake haifungi mlango, ilimradi ukiivaa unaona kwa kiwango kinachotakiwa. Kinacholeta taabu kubwa ni macho yasiyotofautisha rangi, kwa sababu taa za uwanjani na za ndegeni zinazungumza kwa rangi.

Hewa ya Mbulu

Wazee waliokuwepo walitaka kujua kama ndege inaweza kushindwa na mlima. Hapa nikaikumbuka sifa ya mkoa huu. Mbulu ndiko alikozaliwa John Stephen Akhwari mwaka 1938, yule aliyeumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na bado akaingia uwanjani kumaliza mbio giza limeshaingia. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974, ni wa jirani hapo Karatu. Gidamis Shahanga wa Hanang alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978. Watu wanasema siri ni hewa: juu huku hewa ni nyepesi, mapafu yanazoea kufanya kazi na kidogo.

Basi hewa ileile inayomjenga mkimbiaji ndiyo inayomnyima rubani usingizi. Injini nayo inapumua. Ukiwa mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko pwani. Injini ya kawaida inapungukiwa nguvu, pangaboi halipati kitu cha kushika, bawa nalo vivyo hivyo. Joto la mchana likiongezeka, hewa inazidi kuwa nyepesi. Ndege iliyonyanyuka bila wasiwasi kutoka Dar es Salaam ikiwa na watu wanne, huku inaweza kuhitaji uwanja mrefu zaidi, au abiria mmoja abaki nyumbani.

Ndiyo maana pale Kisongo, ambako uwanja wenyewe uko zaidi ya futi 4,500 juu ya bahari, utaona wanapima mabegi kama duka la nyama. Safari nyingi za mbugani kikomo ni kilo 15 kwa abiria, begi laini, na begi la mkononi limo humohumo. Mtalii atalalamika. Rubani atatabasamu, lakini kilo ni kilo.

Siku ya mtu wa Kisongo

Kijana mmoja wa pale, ambaye aliniomba jina lake nilifiche, alinieleza siku yake. Anaamka kabla ya jua. Saa yake ya Kiswahili inasema kumi na mbili asubuhi, ya Kizungu inasema sita, na karatasi zake za safari zinasema tatu, kwa sababu dunia ya anga inatumia saa moja ya pamoja ambayo sisi tuko mbele yake kwa saa tatu. Ukichanganya hizo saa umeharibu kazi.

Anasoma hali ya hewa. Anaandikisha safari. Anaizunguka ndege yake: tairi, pangaboi, mafuta ya breki. Anachota mafuta kidogo chini ya tangi kwenye kikombe kinachoonyesha ndani, anayatazama kama yana maji. Halafu anapakia mabegi kwa mikono yake na lile shati lake jeupe. Anawafunga watu mikanda, anawaonyesha mlango wa dharura, ndipo anawasha.

Ndege anayorusha ni Cessna Caravan, injini moja, abiria kama 12. Ndiyo punda wa nchi hii. Inatua kwenye changarawe, inatumia mafuta ya aina ileile ya ndege kubwa ambayo yanapatikana kirahisi kuliko yale ya injini ndogo za pistoni. Anatoka Arusha, anatua Manyara, uwanja ulio juu ya ukingo wa bonde (ukienda Karatu kwa basi utapita jirani nao), anakwenda Seronera, anaendelea na viwanja vingine. Kuna viwanja ambavyo lazima apite kwanza chini chini kuwafukuza nyumbu na pundamilia, azunguke, ndipo atue. Kwa siku anaweza kutua mara sita au zaidi.

Na rubani wa tajiri je? Nilimwuliza. Akacheka. Akasema kazi kubwa ya rubani wa tajiri ni kungoja. Unampeleka mkubwa mkutanoni saa mbili, anasema atarudi saa sita. Saa sita inakuwa tisa. Wewe uko chini ya bawa, umemaliza gazeti, unahesabu saa za mwanga.

Neno linalolipwa mshahara

Hapo, msomaji, ndipo nilipoielewa kazi hii ilivyo.

Viwanja vingi vidogo vya nchi hii havina taa. Jua likizama, uwanja umefungwa, hata kama hakuna geti. Sasa mkubwa anatoka mkutanoni saa kumi na moja na nusu jioni, ana haraka, simu sikioni, anasema twende. Yeye ndiye mwenye ndege. Ndiye anayelipa mshahara, na pengine ndiye aliyemlipia mtoto wako ada. Na wewe, kijana wa miaka 26, unatakiwa umtazame usoni umwambie: "Mzee, hapana. Tutaondoka kesho asubuhi."

Kijana wa Kisongo aliniambia kurusha ndege ni jambo la kujifunza, hata dada yako akikazana ataweza. Kusema hapana ndiko kunakowatenga wanaume na wavulana, na wanawake na wasichana. Sheria iko upande wako, kwani rubani kiongozi ndiye mwenye kauli ya mwisho kuhusu usalama wa ndege. Lakini sheria haipo pale uwanjani jioni ile, mpo wewe na bosi tu.

Wanaosema hewa haina kona waende juu ya ukingo wa kreta ya Ngorongoro, hapo jirani na Karatu, wakaone kaburi la Michael Grzimek. Huyu alikuwa Mjerumani, rubani binafsi, aliyekuwa akiwahesabu wanyama wa Serengeti na baba yake Bernhard kwa ndege iliyopakwa milia kama pundamilia. Tarehe 10 Januari 1959 ndege yake ilianguka, na ilielezwa kuwa aligongana na tumbusi. Alikuwa na miaka 24. Umri wako wewe unayesoma hapa huku ukisubiri daladala.

Mwaka 1999, mwezi wa Septemba, ndege ndogo iliyobeba watalii iligonga Mlima Meru na watu 12 wakafa. Na Novemba 6, 2022 sote tuliiona ile ya Precision Air ndani ya Ziwa Victoria pale Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya. Watu 19 walikufa, marubani wote wawili wakiwemo. Siwataji marehemu ili kumtisha mtu. Nawataja kwa sababu yule wakala wa tai hakuwataja.

Kwa nini basi mtu ajisumbue?

Swali hilo aliliuliza yule kaka aliyenuna. Wa kwanza kumjibu hakuwa mimi, alikuwa shangazi mmoja aliyekaa karibu na mlango. Alisema neno moja tu: "Haydom."

Watu wa Mbulu hawahitaji maelezo. Haydom iko kusini magharibi mwa wilaya, na Hospitali ya Kilutheri iliyoanzishwa pale na Wanorwe mwaka 1955 ndiyo kimbilio la watu wa Mbulu, Hanang, Singida na mbali zaidi. Kutoka Arusha kwa barabara ni karibu kilometa 300, na wakati wa masika barabara ina maamuzi yake. Kwa Cessna ndogo ni chini ya saa moja. Pana uwanja wa ndege pale, na kwa miaka mingi ndege za shirika la MAF ziliwabeba wauguzi kutoka hapo kwenda vijiji kama Yaeda Chini, bonde la Wahadzabe, kupima wajawazito na kuchanja watoto. Arusha nako, Padre Pat Patten alianzisha Flying Medical Service mwaka 1983, yeye mwenyewe akiwa rubani. Na madaktari wa AMREF wanaoruka walianza mwaka 1957 kwa wazo lililozaliwa miteremko ya Kilimanjaro, mmoja wao akiwa Michael Wood, daktari wa upasuaji aliyejifunza kurusha ndege.

Huyo ni rubani asiyeonekana kwenye kijitabu cha picha za rangi. Hana hoteli ya nyota tano. Ana uwanja wa nyasi, mgonjwa nyuma, wingu mbele, na lile swali lilelile: niende au nisiende?

Binamu yangu aliposikia hayo hakusema kitu. Aliandika tu.

Kikao kilivyoisha

Mjomba hakuuza shamba. Wala hakumwambia binti yake aachane na ndoto. Walichoafikiana, baada ya mabishano yaliyomaliza kuni, ni hivi: shamba litakodishwa msimu mmoja. Fedha ya kwanza ni ya daktari. Ikipita hapo, fedha inayofuata ni ya leseni ya rubani binafsi tu, inalipwa kidogo kidogo kadiri saa zinavyorushwa, si mkupuo. Akifika saa 40 watakaa tena. Kaka alikubali kwa sharti kwamba atasoma kila risiti.

Na kuna milango mingine kwenye jengo hilohilo. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Mabibo, kinafundisha uhandisi wa ndege, na kimenunua ndege za mafunzo ili urubani nao usomwe hapa nyumbani. Chuo cha usafiri wa anga cha TCAA kinafundisha waongoza ndege. Nairobi kuna vyuo kadhaa uwanja wa Wilson. Popote utakaposoma nje, leseni yako itabidi ikubaliwe na TCAA ukirudi, kwa hiyo waulize wao kabla ya kumwuliza wakala. Gharama mpaka leseni ya biashara ni makumi ya maelfu ya dola. Atakayekuambia ni rahisi, mwombe akukopeshe.

Wanaosema urubani si wa wanawake, wamtazame Irene Koki Mutungi wa Kenya Airways, aliyekuwa mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kuwa kapteni wa Boeing 787, mwaka 2014.

Mimi narudi zangu mjini na kilo tano za kitunguu saumu, zawadi ya mjomba, basi zima linanukia. Binamu ana tarehe ya daktari mwezi ujao, na ameshaanza kufanya mazoezi ya kumkatalia kaka yake kila anachomtuma. Wewe ukisikia mngurumo juu yako, angalia maandishi ubavuni: yakianza na 5H, hiyo ni ndege yetu. Tuonane wiki ijayo.